Biashara Ndogo: Lini Ifumuliwe na Kusukwa Upya

Wateja wengi mlangoni si ushahidi kwamba biashara inapata faida. Katika masoko na vituo vya biashara vya Kaunti ya Kilifi, kuanzia Mtwapa hadi Gongoni, yako maduka, hoteli ndogo na karakana ambazo hufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, lakini shule zikifunguliwa mwenyewe hulazimika kukopa ili kulipa karo. Wengi wakifikia hapo hudhani dawa ni kuongeza: bidhaa zaidi, mfanyakazi mwingine, duka la pili, na mkopo wa kugharimia hayo yote.

Hapo ndipo wengi hupotezea mtaji. Mtungi unaovuja haujazwi kwa kumwagiwa maji zaidi. Biashara inayopoteza shilingi mia tatu kwa siku ikipanuliwa mara mbili hupoteza mia sita, na mkopo uliochukuliwa bado unadaiwa. Ikiwa mkopo huo ulidhaminiwa na wanachama wa kikundi, hasara huvuka mlango wa duka na kuingia katika nyumba za majirani.

Kwa hivyo kabla ya kuikuza, biashara hufaa ifumuliwe na kusukwa upya. Kupaka rangi mpya au kubadilisha ubao wa jina si kufumua. Kufumua ni kuangalia kila kinachonunuliwa, kinachouzwa, kinachotupwa na kinacholiwa, kisha kuamua kipi kibaki, kipi kibadilike na kipi kiachwe.

Dalili kwamba wakati umefika

Dalili ya kwanza ni mauzo kupanda huku pesa hazionekani. Mwenye duka anauza kuliko mwaka uliopita, lakini kila akitaka kununua bidhaa za jumla hana budi kungoja mauzo ya siku hiyo.

Ya pili ni biashara kuishi kichwani mwa mtu mmoja. Bei, vipimo, majina ya wadeni na namba za wauzaji wa jumla vyote anavijua mwenyewe tu. Akiugua siku mbili au akienda matangani, mlango unafungwa.

Ya tatu ni rafu zisizolingana na wateja. Bidhaa ile ile, kama unga au mafuta ya kupikia, huisha kila wiki na wateja wakarudishwa, huku nyingine ikishika vumbi tangu mwaka jana. Pesa zilizolala kwenye vumbi ndizo zilizokosekana kununua unga.

Ya nne ni deni la wateja kuzidi bidhaa zilizomo dukani. Kukopesha jirani ni utu, na katika vijiji vyetu ni sehemu ya biashara. Lakini duka ambalo sehemu kubwa ya mtaji wake iko mifukoni mwa wateja haliwezi kukua, hata likihamia mahali pazuri zaidi.

Ya tano ni mteja mkubwa kuja na kuondoka. Shule, zahanati au hoteli ya kitalii inataka kununua kila wiki, lakini inaomba ankara, leseni na namba ya PIN, na mwenye biashara hana.

Ya sita ni mazingira kubadilika. Kituo cha matatu kimehamishwa, barabara imejengwa, au mshindani amefungua upande wa pili. Biashara iliyotegemea wapita njia haiwezi kuendelea kana kwamba njia haijahama.

Dalili moja kwa mwezi mmoja huenda ikawa ni bahati mbaya tu. Zikijitokeza mbili au tatu na kukaa kwa miezi mitatu, hesabu inahitaji kufanywa.

Hesabu ya mfano: hoteli ndogo kando ya barabara

Chukua mfano wa hoteli ndogo ya chakula mjini Mariakani, inayohudumia madereva na wakazi. Takwimu zifuatazo ni za mfano, lakini mwendo wa hesabu ni ule ule kwa duka, saluni au karakana.

Hoteli hiyo inauza chakula cha Sh6,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Jumla ya mauzo ni Sh156,000. Vyakula vinagharimu Sh88,000, makaa na gesi Sh11,000, kodi ya chumba Sh8,000, mishahara ya wasaidizi wawili Sh32,000, na maji, usafi na nauli Sh6,000. Jumla ya matumizi ni Sh145,000. Kinachobaki ni Sh11,000.

Mwenyewe hajajilipa bado, na kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Mauzo ya Sh156,000 kwa mwezi ni Sh1,872,000 kwa mwaka. Kuanzia Julai 2023, biashara inayouza zaidi ya Sh1 milioni lakini isiyozidi Sh25 milioni kwa mwaka hulipa ushuru wa mauzo, unaojulikana kwa ufupi kama TOT, wa asilimia 3. Ushuru huu hukatwa kwenye mauzo yote, si kwenye faida. Asilimia 3 ya Sh156,000 ni Sh4,680. Kinachobaki sasa ni Sh6,320, ambazo ni kama Sh243 kwa kila siku ya kazi.

Mama huyu akichukua mkopo wa Sh100,000 wa kulipwa kwa mwaka mmoja ili afungue tawi, deni pekee bila riba ni zaidi ya Sh8,300 kwa mwezi. Hoteli yake haiwezi kulibeba. Tawi lingelazimika kujilipia tangu mwezi wa kwanza, jambo ambalo biashara mpya ni nadra kuliweza.

Sasa tuangalie kilicho ndani ya sufuria. Mbaazi na mahamri mawili huuzwa Sh60 na hugharimu Sh30. Sahani ya wali na samaki huuzwa Sh200 na hugharimu Sh170. Kila moja inaacha Sh30, lakini wali na samaki unahitaji mtaji wa zaidi ya mara tano ili kuacha kiasi kile kile. Tena, kila siku hupikwa sahani kumi za wali na samaki na kuuzwa saba. Tatu huliwa bure au hutupwa.

Gharama ya sahani kumi ni Sh1,700. Mauzo ya saba ni Sh1,400. Chakula kinachoonekana kuwa fahari ya hoteli kinaleta hasara ya Sh300 kwa siku, yaani Sh7,800 kwa mwezi. Wakipika sahani saba tu, gharama itakuwa Sh1,190 na faida Sh210. Tofauti kati ya hasara ya Sh300 na faida ya Sh210 ni Sh510 kwa siku, au Sh13,260 kwa mwezi. Kinachobaki baada ya ushuru hupanda kutoka Sh6,320 hadi Sh19,580, bila mkopo, bila tawi na bila mteja mmoja kuongezeka.

Namna ya kuanza

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hatua ya kwanza ni daftari la siku 30. Halihitaji kompyuta. Linahitaji safu tano: kilichouzwa, kilichonunuliwa, kilichokopeshwa, kilichoharibika na kilichochukuliwa kwa matumizi ya nyumbani. Safu mbili za mwisho ndizo ambazo wengi huziruka, na mara nyingi ndizo zenye tundu. Pakiti ya sukari inayopelekwa nyumbani kila baada ya siku tatu ni gharama ya duka hata kama mwenye duka ndiye aliyeichukua.

Hatua ya pili ni kutenga pesa. Malipo ya wateja yapitie namba ya biashara, iwe ni Lipa na M-Pesa au Pochi la Biashara, badala ya kuingia kwenye simu ile ile inayolipa karo, tokeni za stima na michango ya harusi. Mwenye biashara ajipangie mshahara, hata ukiwa mdogo, na auchukue siku moja maalumu. Asipojilipa kwa mpango, atajilipa bila mpango, shilingi mia kwa mia, na hatajua ni kiasi gani.

Hatua ya tatu ni kuhesabu kila bidhaa au huduma peke yake, kama ilivyofanywa kwa mbaazi na wali. Fundi cherehani anayeshona sare za shule na nguo za harusi atajua ipi inamlipa akihesabu kitambaa, uzi, stima na pia saa. Nguo inayoacha Sh800 kwa siku tatu za kazi haiishindi sare inayoacha Sh350 kwa siku moja.

Hatua ya nne ni kuandika kazi inavyofanywa: vipimo vya unga na nazi, bei, namba za wauzaji wa jumla, na jinsi pesa zinavyokabidhiwa jioni. Karatasi moja iliyobandikwa ukutani inaweza kumwezesha msaidizi kufungua wakati mwenyewe hayupo. Bila karatasi hiyo hakuna tawi la pili, kwa sababu mtu hawezi kukaa Mariakani na Kaloleni kwa wakati mmoja.

Badiliko moja kwa wakati

Baada ya daftari kuonyesha tundu, hamu huwa ni kubadilisha kila kitu siku moja. Ni bora kubadilisha jambo moja, kulipa wiki nne, kisha kusoma daftari tena. Bei ikipandishwa, bidhaa zikipunguzwa na mfanyakazi akabadilishwa kwa wiki moja, mauzo yakishuka hakuna atakayejua sababu.

Pa kuanzia ni kwenye kupunguza kinachopotea, kwa kuwa hakuhitaji pesa. Linalofuata ni deni la wateja. Mwenye duka anaweza kuweka kiwango cha juu cha kukopesha kila nyumba na siku ya kulipa, na asimwongeze mdeni kabla hajalipa la awali. Kisha ndipo yaje mabadiliko ya bei na bidhaa, na mwisho kabisa mahali na vifaa.

Si kila kinachopata hasara hufaa kuondolewa. Huenda dereva anayefuata wali na samaki ndiye anayenunua chai, maji na mahamri ya safari. Hapo bidhaa hiyo hubaki, lakini hupikwa kwa kiasi kinachouzwa, au bei yake hurekebishwa. Kwa upande mwingine, bidhaa isiyouzwa wala kuvuta mteja ni afadhali iuzwe kwa bei ya kununulia ili pesa zirudi kazini.

Msimu wa kufumua

Wakati mbaya kabisa wa kufumua biashara ni wakati inapouza zaidi. Mjini Malindi na Watamu, biashara nyingi hutegemea wageni wa Julai na Agosti, na wa Desemba hadi mapema mwaka unaofuata. Aprili hadi Juni, mvua za masika zikinyesha na hoteli zikiwa na wageni wachache, ndipo kuna nafasi ya kuhesabu bidhaa, kurekebisha chumba na kufundisha msaidizi. Wauzaji wa samaki nao wanajua kwamba upepo wa kusi ukichafua bahari, samaki hupungua na bei hupanda, kwa hivyo hesabu ya miezi ya kaskazi haiwezi kutumiwa mwaka mzima. Fundi wa sare za shule ajipange kabla ya Novemba, maana Januari ni ya kushona, si ya kupanga.

Karatasi zinazokwenda na ukuaji

Leseni ya biashara hutolewa na serikali ya kaunti, kwani Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti masuala ya biashara, masoko na leseni. Ada hupangwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti kulingana na aina na ukubwa wa biashara. Mwenye kuhama, kuongeza aina ya biashara au kupanua eneo anashauriwa kuuliza kwanza iwapo leseni yake itabadilika. Wanaopika wanahitaji pia vyeti vya afya, na wanaopima kwa mizani wanahitaji mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri.

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen. Chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015, hata mtu mmoja anaweza kuanzisha kampuni. Tofauti yake ni kubwa: biashara iliyosajiliwa kwa jina tu haitenganishwi na mwenyewe, na deni lake ni deni lake yeye, ilhali kampuni ni mtu wa peke yake mbele ya sheria. Hata hivyo kampuni huja na majukumu zaidi ya hesabu na ripoti, na si kila kibanda kinachoihitaji.

Kuhusu ushuru, TOT huwasilishwa kwa KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mauzo ya bidhaa na huduma zinazotozwa VAT yakifika Sh5 milioni kwa mwaka, mfanyabiashara anatakiwa kujisajili kwa ushuru huo. Tangu Januari 1, 2024, biashara inayonunua haikubaliwi kuhesabu manunuzi yake kama gharama mbele ya KRA bila ankara ya eTIMS. Hii ndiyo sababu wateja wakubwa huiulizia, na ndiyo sababu asiye nayo hupitwa.

Mwenye kuajiri naye ana wajibu. Hukata asilimia 2.75 ya mshahara wa mfanyakazi kwa ajili ya bima ya afya ya SHA, na asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba, ambapo mwajiri naye huongeza asilimia 1.5 yake. Michango ya NSSF hutolewa na wote wawili. Gharama hizi ziingie kwenye hesabu kabla ya mfanyakazi mpya kuahidiwa kazi. Viwango vinaweza kubadilishwa na sheria mpya, hivyo ni vyema kuvithibitisha kabla ya kupanga.

Karatasi hizi hufungua milango pia. Sheria imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO. Asiyesajiliwa hawezi kuomba.

Mkopo uje mwisho

Baada ya tundu kuzibwa na faida kuonekana kwa miezi kadhaa, mkopo unaweza kufanya kazi yake. Kanuni ni kwamba muda wa mkopo ulingane na umri wa kitu kinachonunuliwa. Mkopo wa binafsi wa Hustler Fund, ulioanzishwa Novemba 2022, hurejeshwa ndani ya siku 14 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Unafaa kununua bidhaa zitakazouzwa wiki hiyo. Haufai kununua friji itakayojilipa kwa mwaka mzima.

Kwa vifaa, kuna vyama vya akiba na mikopo, Hazina ya Uwezo, hazina za vijana na wanawake, na benki. Asiye na hati ya shamba hajafungiwa mlango. Sheria ya 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika inaruhusu mashine, pikipiki, mifugo au bidhaa zilizomo dukani kuwekwa kama dhamana. Lakini dhamana hiyo inaweza kuchukuliwa mkopo usipolipwa, na fundi asiye na mashine hana biashara. Kabla ya kutia saini, mkopaji alinganishe malipo ya mwezi na faida ya mwezi mbaya zaidi katika daftari lake, si ya mwezi mzuri.

Wakati mwingine hesabu husema kwamba biashara yenyewe imekwisha wakati wake. Kuifunga mapema na kuhamisha mtaji uliosalia kwenye kazi nyingine ni uamuzi wa biashara kama mwingine wowote, na ni bora kuliko kuilisha kwa mikopo hadi shamba liuzwe.

Pa kuuliza

Masuala ya leseni, masoko na ushauri wa biashara huulizwa katika ofisi za biashara za kaunti ndogo za Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini. Masuala ya ushirika huulizwa kwa maafisa wa vyama vya ushirika, usajili wa majina kupitia eCitizen au vituo vya Huduma, na ushuru katika ofisi za KRA.

Mfanyabiashara anayekwenda kuomba ushauri abebe leseni yake, namba ya PIN, orodha ya madeni na daftari la siku 30. Bila daftari, afisa anaweza kueleza sheria tu. Likiwepo, wanaweza kukaa pamoja na kuonyeshana tundu lilipo.